Skii Ulizomtumia Brita

S.L.P. 48,
Ruonala, Michigan.
Jumanne, 13 Februari 2024.

Mpendwa Shangazi Marlys,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limetulia kuliko wakati ule wa Krismasi ulipotupigia simu. Mvua ya huko Oregon imepungua, au bado unakausha soksi juu ya jiko?

Sisi hatujambo. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, na Baba analalamikia mgongo kwa sababu ya kuiondoa juu ya paa, lakini hataki kusaidiwa. Mama yuko kanisani kila Alhamisi na wenzake, wanaoka mikate ya nyama na viazi ya kuuza. Nyumba nzima inanuka vitunguu mpaka Jumapili.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Kwenye simu mimi huwa nakuamkia tu, kisha nampa Brita. Kuandika ni rahisi zaidi kwangu, maana hakuna anayenitazama usoni.

Tangu nimalize shule Juni nafanya kazi kwa Bwana Kemppa, kwenye karakana nyuma ya duka lake la skii za kutelezea thelujini. Nanoa kingo, napaka nta, na tangu Novemba ananiruhusu kutoboa skii na kufunga vifungio vya kushikia viatu peke yangu. Wateja nawaona kidogo sana, na hilo linanifaa.

Sasa nikuambie habari ya skii ulizotuma mwezi uliopita.

Mimi ndiye niliyeuchukua mzigo posta. Nililiona boksi refu na mwandiko wako, nikalibeba begani hadi nyumbani, nusu saa, nikiamini ni langu. Sikusoma jina. Nilikuwa nimekumbuka ulivyonifundisha kuteleza nikiwa na miaka sita, ukinishika kofia ya koti kwa nyuma nisikimbizwe na mteremko. Nilipolilaza mezani ndipo nikaona umeandika: Kwa Brita, mrukaji wetu.

Brita alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mimi nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nakuandikia ukweli, Shangazi, hata kama ni mbaya. Nilimwonea wivu mpaka kula kukanishinda. Ana miaka kumi na tano, na pale kilimani, kwenye kamba ya kupandia inayotuvuta mlimani, watu wanaliita jina lake kabla hajafika juu. Akiruka juu ya reli, lile bomba la chuma la kuchezea, wanapiga chini fito zao za kutelezea kumshangilia. Mimi nikipita, wananiuliza Brita yuko wapi.

Kesho yake alizileta karakanani nimfungie vifungio. Nilizisimamisha kando yake. Wewe unajua kuliko mimi: skii ya mtu anayecheza kwenye reli na viruko inapaswa kumfika kati ya pua na paji la uso, ili azunguke hewani kwa wepesi na aweze kutua kinyumenyume bila mkia wa skii kumkamata. Zako zina sentimita 169. Brita ana 160. Zilimpita kichwa kwa upana wa kiganja.

Alinikazia macho. “Dada, mbona unaziangalia hivyo? Unazimezea mate!”

Baba alikuwa amemleta kwa gari. Alicheka akasema, “Zinamtosha kabisa. Enzi zetu ulikuwa unainua mkono juu, skii ikikufika kwenye kifundo cha mkono, ndiyo yako hiyo.”

Nilijua hesabu ya Baba ni ya zamani, ya watu wanaoshuka moja kwa moja. Nilijua ni ndefu mno kwake. Lakini pia nilizitamani, na sikuweza kutenganisha nilichokijua na nilichokitamani. Ningesema hazimfai, wote wawili wangesema ni wivu, na wasingekosea. Kwa hiyo nikasema, “Ziko sawa.” Nikapima soli ya kiatu chake, nikabana kiolezo cha chuma, nikatoboa matundu manane kwenye kila skii. Nilitoboa vizuri. Kazi yangu haikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Hata kingo za katikati nilizipiga tupa mpaka zikawa butu, zisiume reli. Nilifanya kila kitu kama mtu mwenye roho safi.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Brita alichelewa kumaliza kila mzunguko, akawa anatua ubavu. Vijana wa kwenye kamba wakaanza, “Brita! Hizo ni skii au umebeba ngazi ya mtu?” Yeye aliwajibu kwa kelele zaidi yao, unamjua, lakini kwenye gari alijifunika uso kwa kofia. Jumamosi ya tarehe tatu mkia ulinasa kwenye reli, akaanguka vibaya juu ya nyonga. Usiku huo aliniambia kutoka kitandani kwake, “Labda siku zote nilikuwa nabahatisha tu. Najiondoa kwenye mashindano ya mwezi huu.”

Shangazi, nilifurahi. Furaha hiyo ilikaa muda wa kufunga zipu tu, lakini ilikaa, nami niliisikia. Kisha nikasikia analia huku ameuma mto, na sikuweza kuvumilia tena.

“Si wewe,” nikamwambia. “Ni skii. Ni ndefu kwako.”

Akaketi kitandani. “Umejua lini?”

“Siku ileile.”

“Na ukatoboa?”

“Nikatoboa.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ungesema nakuonea wivu.”

“Kwani hunionei?”

“Nakuonea.”

Alinitupia mto, ukanipiga usoni. “Sasa si ungesema na wivu wako hivyohivyo, mjinga wewe! Mimi ningekutukana, halafu ningezipima!”

Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alizitoa zake za zamani, zile za 151 zilizokwaruzika, nikazipaka nta bila kuombwa. Jumamosi iliyopita alivuka reli ndefu na kutua kinyumenyume, na fito zikapigwa chini kama zamani. Amerudisha jina lake kwenye mashindano ya tarehe 24. Nilikuwa chini pale, nami nilipiga zangu. Wivu haujaisha. Ila ulikuwa mdogo kuliko kelele.

Skii zako sasa zimeegemea ukuta wa karakana, na yeye hataki kuziachia. Anasema atakua, na huenda ni kweli. Nilipomwomba, alisema, “Shangazi alinipa mimi. Mwandikie. Akisema ni zako, chukua. Lakini mwambie mwenyewe, mimi simwambii kitu.”

Ndiyo maana naandika. Hakuna aliyewahi kukuambia kwamba na mimi naruka. Hawajui. Duka hufungwa Jumatatu, na asubuhi hiyo kilimani hakuna mtu ila mzee anayeendesha kamba, ambaye husoma gazeti. Naazima skii chakavu za kukodisha. Navuka reli zote mbili, na mwezi huu nimezunguka hewani mara moja na nusu nikatua kinyumenyume. Mzee alishusha gazeti, akatikisa kichwa, akaendelea kusoma.

Skii hutobolewa mara moja, labda mbili, kisha inadhoofika. Kiatu changu ni kirefu kuliko cha Brita, kwa hiyo matundu mapya yatakaa mbali ya kutosha na ya kwanza. Nimebandika tepu na kuweka alama kwa penseli. Sijagusa drili, wala sitagusa kabla sijapata neno lako. Ukisema zimsubiri Brita akue, nitaziba matundu yasiingie maji, nizitunze, na Jumatatu nitakwenda na zile chakavu.

Lakini jana nilisimama nazo. Nilisimama wima, bila kuinamisha mabega kama ninavyofanya mbele za watu. Zinanifika katikati ya paji la uso.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Brita anakusalimu, na anasema usimhurumie. Bwana Kemppa anauliza kama bado una ile breki yako ya kupiga mayowe ukishindwa kusimama mteremkoni. Nisalimie Mjomba Curtis na paka wenu.

Mungu akulinde na barabara za barafu, alipe goti lako nguvu, na akupe moyo wa kunijibu lolote utakaloona ni haki.

Ni mimi binti wa kaka yako, yule mrefu, ninayekupenda,

Elina