Papa anasema sumu, mimi najua ni karanga

Mpendwa Mama Régine wa redio, naomba unisaidie,

Kuna jambo sijaambia mutu hata mumoja, wala mama yangu, na naanza nalo mbele uoga unishike: ule mama ambaye mutaa wetu wote wa Ngezi unamuita mulozi hakunitilia sumu, na mimi peke yangu ndiye najua kwa hakika.

Niko na miaka kumi na sita, na mbele ya watu sauti yangu inapotea. Mwili wangu unakataa karanga, daktari aliita allergie. Juma lililopita nilitoka shuleni na njaa, nikaingia kwa Mama Kaswera, anauzaka bugali na sombe, majani ya muhogo, pale karibu, nikamuuliza, "Mama, munatiamo karanga?" akajibu bila kugeuka, "Hapana, mutoto wangu, ni mawese tu, kula," nikakula, na mbele sahani iishe midomo ikavimba, pumzi ikakataa, nikaanguka, watu wakapiga makelele, "Sumu! Amemupa sumu!" na wakanikimbiza hospitali na pikipiki.

Kesho yake, pale hospitali, mama yangu alitoka kuteka maji, Mama Kaswera akaingia polepole, akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Abi, nilitiamo karanga kidogo, sombe ilikuwa chungu. Nilikujibu hapana juu wateja walikuwa wengi. Sikujua inaweza kuua mutu." Alilia bila sauti, nikamushika mukono. Mama Régine, nimekasirika naye mpaka leo, juu niliuliza vizuri, lakini alikuja kukiri mwenyewe, hakuna aliyemulazimisha.

Sasa vijana wanatupa mawe juu ya nyumba yake, naye alitoka Butembo, hana ndugu hapa, na Papa anataka kumushitaki sumu. Nikifungua kinywa anasema, "Lala, weye hata haujapona." Na nikisema ni karanga, naogopa watajibu basi si kitu, yaishe, na mimi sitaki iishe hivyo, alinidanganya na karibu nikufe. Sheria haina njia ya kumufanya ajibu kosa lake bila watu kumuua?

Tangu nianze kuandika, mulango ukilia nafunika karatasi na kitabu cha hesabu. Sasa miguu ya Papa inakuja, naijua, anaburutaka sandali. Nimeshika kitabu. Nimekirudisha chini. Asome tu.

Abigaël

*Chini yake, kwa kalamu ingine:* Nimesoma yote. Mama, utusomee hewani na majina yetu, utuambie tufanye nini. Étienne, papa wake.

Mama Régine anajibu

Abigaël, pole sana, mutoto wangu. Uliuliza mbele ya kula, ukajibiwa uongo: kosa si lako, mutu asikudanganye. Lakini nakukaripia kwa jambo moja. Mawe yalianguka juu ya ile nyumba na weye ulikuwa na neno la kuyasimamisha, ukalifunga kinywani. Huruma yako haikumusaidia Kaswera kitu ilipokaa chini ya kitabu.

Na njia ipo. Mutu anayeumiza mwenzake kwa kukosa uangalifu, hata kama hakutaka, sheria inamushika. Hayo ndiyo mashitaka yenu, na yana nguvu, juu mwenyewe amekiri. Abigaël hajatimiza miaka ya kushitaki peke yake. Étienne, weye ndiye utasimama kwa jina lake. Beba karatasi za hospitali. Ukifika kwa OPJ, yule polisi wa kuandika malalamiko, mutoto aeleze mwenyewe, hata akichukua saa nzima, na neno sumu lisiandikwe. Ukimushitaki mutu sumu na unajua si kweli, sheria itakugeukia weye. Kaswera akikubali kulipa matibabu, mupatane kwa maandishi mbele ya avoka, mwanasheria. Kwenye barreau, chama cha maavoka, kuna wanaoshauri bure. Na asiuze tena sombe bila kusema kuna nini ndani.

Étienne, mutoto wako alikuachia karatasi wazi, na weye ulisoma mpaka mwisho badala ya kupiga kelele. Nimekuheshimu. Lakini polisi itangoja mpaka kesho. Ile nyumba haingoji. Mwende siku ya leo kwa chef wa kartie, mukubwa wa mutaa, aite wale vijana, na weye, papa wa mutoto, useme mbele yao kwamba haikuwa sumu. Wakisikia kwako wataamini. Kisha mukagonge kwa Kaswera, mumuambie anaweza kufungua mulango.

Zima redio, Étienne. Muvae viatu.