Kabichi za Mgeni na Majani Yako ya Kunde

Shule ya bweni, Singida,
Tarehe 20 Agosti, 1972.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Leo nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, maana sasa unajua kusoma na barua yangu haipiti tena mdomoni mwa mtu mwingine. Zamani nilikuwa naandika kwamba mimi mzima na masomo yanaendelea vizuri, basi, kwa sababu nilijua mwalimu wa kisomo cha watu wazima ndiye atakayekusomea na majirani watakuwa wamekaa hapo wanasikiliza. Hii isome mwenyewe polepole. Ukichoka pumzika, ila usimpe kaka Maganga akumalizie.

Je, hujambo? Goti lako limepoa, au bado unachechemea ukitoka kisimani? Baba amesharudi kutoka kwenye mizinga ya nyuki? Nilisikia kwa dereva wa lori la nta kwamba kijiji kinasogezwa karibu na barabara. Kama mmeshahama, nauliza kile kishamba chako cha kunde nyuma ya jiko kimebaki na nani. Utaona huko mbele kwa nini nauliza.

Mimi mwilini sina ugonjwa, lakini moyo wangu umechafuka, na umechafuka kwa ajili ya mboga.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa furaha kwamba nimechaguliwa kuwa kiranja wa afya. Kazi yangu ilikuwa kukagua kucha, vitanda na masanduku, na kuwakumbusha wenzangu yale tunayofundishwa na Mwalimu Stela katika somo la sayansi kimu: kwamba mtu ale mboga za majani na matunda ya kutosha kila siku, si siku ya sikukuu tu, kwa kuwa ndivyo vinavyoulinda mwili. Ukutani darasani kuna picha ya familia iko mezani. Baba amevaa tai. Mezani pana kabichi, karoti, machungwa, na matunda mengine ambayo hata Mwalimu hakuyajua majina yake. Picha hiyo naiona hata nikifumba macho.

Sasa sikia tunachokula. Asubuhi uji. Mchana ugali na maharage. Jioni ugali mwingine na maharage yaleyale. Jumapili kuna nyama, na ukiwa na bahati kipande kinakufikia. Tangu mvua zilipokatika hatujaonja jani hata moja. Chungwa nililiona mara moja tu, mkononi mwa mke wa mwenye duka, nilipotumwa mjini kununua sabuni.

Na si kwamba mboga hakuna. Mboga zipo, Mama, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Nyuma ya bweni tuna bustani ya shule. Kila alfajiri na kila alasiri tunateka maji kisimani, ndoo kichwani, tunamwagilia kabichi na karoti. Tuliambiwa atakuja mgeni kutoka wilayani kukagua shule zinazojitegemea, na Kamati ya shule ikaamua kwamba kisikatwe kitu mpaka mgeni aione bustani nzima ikiwa imejaa. Tulikubali kwa moyo mmoja. Mgeni akaahirisha. Tukamwagilia. Ikaja habari kwamba sasa anakuja kweli, tukafagia njia na kupaka mawe chokaa, hakutokea. Walisema gari limeharibika. Tukamwagilia tena. Sasa kabichi zimekomaa kupita kiasi. Nyingine zimepasuka vichwa, na vidukari wameingia ndani. Juzi tuliagizwa tuzifunge zile zilizopasuka kwa kamba za katani, majani yake ya nje yafunike ufa. Nimefunga kabichi kamba kama wagonjwa wafungwavyo bandeji, Mama, na bado tunazimwagilia maji ambayo tungeogea.

Wakati huohuo Hadija anaumwa. Hadija ni yule msichana wa Ikungi mwenye kitanda karibu na changu, niliyekuambia anaimba vizuri. Ilianza kwa fizi: akipiga mswaki mate yanatoka na damu. Kisha jua likianza kuzama akawa anapapasa. Jioni moja tulipokuwa tunaingia bwenini aliiamkia nguzo ya mlango, "Shikamoo Mwalimu," akasimama akingoja aitikiwe. Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo wanamwita Kuku, kwa sababu kuku naye jua likizama haoni. Hadija hucheka pamoja nao, lakini tukienda chooni jioni hunishika mkono, haniachii mpaka turudi.

Mganga wa zahanati alimtazama macho na mdomo, akasema huyu hajala majani wala matunda kwa muda mrefu. Alimpa vidonge alivyobakiwa navyo, akamwambia vingine hana, dawa yake iko jikoni. Mwalimu Mkuu naye amesema hali hii ikiendelea itabidi Hadija arudishwe kwao. Mtihani wa darasa la saba uko mbele yetu. Akirudishwa sasa haufanyi, na mjomba wake alishasema kwamba binti aliyekwisha acha shule atatafutiwa mume.

Sasa nafika kwenye aibu yangu.

Mwanzoni mwa muhula nilikagua masanduku. Hapa kuna kanuni kwamba mtu asilete chakula kutoka kwao. Wote tule chungu kimoja, mtoto wa mwenye ng'ombe wengi na wa asiye na kitu. Kanuni hiyo niliipenda na hata leo naipenda. Katika masanduku nilikuta mifuko: mlenda mkavu uliosagwa, ubuyu, ukwaju, majani yaliyokaushwa. Niliogopa wadudu, lakini nikisema kweli niliona pia kwamba ni vitu vya kishamba, havimo kwenye picha. Hadija aliushika mfuko wake kwa mikono miwili.

"Kiranja, huu si uchafu," akasema. "Huu ni mlenda wa bibi yangu."

Nami nikamjibu, "Mboga ni ile mbichi, Hadija. Hayo ni makapi."

Nilisema hivyo mimi niliyekulia kwenye nsansa. Na ili wasiseme ninawaonea, mfuko wa kwanza kupelekwa stoo ulikuwa wangu. Ndiyo, Mama, ile nsansa yako, yale majani ya kunde uliyoyachemsha na kuyakausha, ukanifungia katika kitambaa chako cha kichwani siku nilipopanda lori. Sikuila hata mara moja. Nilipokuandikia kwamba wenzangu waliisifu na kuimaliza, nilikudanganya. Iko kwenye rafu na karatasi ya jina langu, pamoja na mifuko ya wenzangu, na mpishi wetu Mzee Omari huipita kila siku akienda kuchota maharage. Aliniuliza mara moja tu, "Binti, kwani mmegombana na mboga?" Nilidhani ni mzee asiyesoma.

Siku hizi nalala nikiwaza yale tuliyokuwa tunakula huko kwetu Rungwa bila kuyahesabu. Furu, yale matunda meusi ya porini, tukitoka kuchanja kuni, ubuyu uliofungwa pindoni mwa kanga, ukwaju kwenye uji, majani ya maboga, ya kunde, mlenda wa porini. Tulikuwa tunakula matunda njiani kutwa nzima, na nyumbani tunasema tumeshinda njaa kwa sababu ugali haujaiva. Hapa hata kuvuka ua kwenda kuchuma furu ni kosa. Wanasema tutaiaibisha shule, watu watafikiri hatulishwi.

Wiki iliyopita Mwalimu Stela aliuliza darasani vyakula vya kuulinda mwili huliwa lini. Nilinyoosha mkono kama kawaida yangu, nikasimama, nikajibu, "Kila siku, Mwalimu." Hapo ningekaa. Lakini likatoka na lingine ambalo sikuwa nimelipanga. Niliuliza, "Na sisi tunakula lini?"

Ndipo Hadija akasema kutoka nyuma, kwa upole kabisa, "Mgeni akishashiba."

Walicheka wote. Mimi nilivuliwa beji ya ukiranja siku hiyohiyo na kupewa adhabu ya kumwagilia bustani peke yangu wiki nzima. Hadija hakuadhibiwa. Nadhani Mwalimu alishindwa kumtazama.

Nililia, Mama, sikufichi. Sikulilia beji tu. Nililia kwa kuwa nimefanya kila nililofundishwa. Nimekata kucha za watu, nimechemsha maji, nimekariri picha yote, na katika kufanya hivyo ndipo nilipomnyang'anya rafiki yangu chakula cha macho yake.

Jumatano alasiri Mwalimu Stela alinikuta bustanini na ndoo zangu. Nilidhani amekuja kunigombeza. Alichuchumaa, akafungua kamba ya kabichi moja, akatazama ndani. Ilikuwa imeoza, nyeusi.

"Kabichi si zangu, Kalunde," akasema. "Ningekuwa na amri nazo tungekuwa tumeshazila."

Nilipata ujasiri nikamwomba ile mifuko ya stoo. Nilimwambia isirudishwe kwa kila mwenyewe, tusivunje kanuni. Imwagwe yote kwenye chungu kimoja, tule wote. Akatikisa kichwa. Alisema majani yaliyoshinda juani hubaki rangi tu, vitamini yake imekwenda, ndivyo alivyofundishwa chuoni na ndivyo alivyotufundisha. Hawezi kuwaambia watoto jambo moja darasani na jingine mezani.

"Kwetu labda hatuyaaniki juani, Mwalimu," nikasema.

"Labda?"

"Sikumbuki."

Akanitazama. "Umekaa na mama yako miaka mingapi?"

Ndipo akaniambia nikuulize. Akasema yakiwa yamekauka kivulini, hapo atakuwa na neno la kumweleza Mwalimu Mkuu, naye atafungua stoo siku hiyohiyo. Lakini anataka jibu lililoandikwa na mkono wa mtu aliyeyakausha, naye atalisoma mwenyewe. Bibi yake Hadija hajui kuandika. Ndiyo maana nimekukimbilia wewe.

Jioni niliwauliza wasichana bwenini, nikaona mambo. Wa Unyambwa alisema kwao majani huanikwa ndani, juu ya dari. Wa Mwankoko akaapa kwamba yasipopigwa jua yanaota ukungu. Kila mmoja akawa anasema wa kwao ndio wanaojua. Mwisho wakamgeukia yule wa Mwankoko na kumwambia kama anataka kula mlenda mwaka huu, anyamaze. Hata Hadija alicheka. Kisha akaninong'oneza kwamba naweza kuandika mwenyewe jibu la kivulini, niuige mwandiko wako, nani atajua. Nimelifikiria jambo hilo siku mbili, Mama. Sikulifanya. Nimeshakudanganya wewe mara moja kuhusu majani haya, na ona yalikonifikisha.

Mzee Omari amesema akipewa ruhusa ataunga na karanga. Ameshaazima chungu kikubwa. Hajaambiwa na mtu.

Barua hii nampa dereva wa lori la nta, Mjomba Seif, yule aliyenileta. Amesema atalala hapo kwenu siku mbili akipakia, kisha atarudi moja kwa moja. Usihangaike na mwandiko. Herufi kubwa kama ulizoandika kwenye barua yako ya kwanza zinatosha sana.

Nisalimie Baba, mwambie nta yake naiona ikipita hapa mjini na najivuna. Bibi mpe shikamoo yangu, na umwombe msamaha kwa niaba yangu, maana najua naye alisaidia kuchambua yale majani. Kaka Maganga mwambie asiuguse ubuyu wangu ulio kwenye kibuyu juu ya kinu, safari hii nautaka kweli. Shangazi wa ng'ambo ya mto, pamoja na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona, nawasalimu wote. Mwalimu wa kisomo mshukuru sana; bila yeye leo nisingekuwa na wa kumwandikia haya.

Nimejaribu kukumbuka mwenyewe. Naiona siku kabisa: wewe umeketi mlangoni mwa jiko, mimi nacheza mdako na wenzangu, ungo wa majani uko uani. Kila baada ya muda mfupi unaniita, "Kalunde, sogeza ungo." Nami nanyanyuka kwa kununa, nausogeza, narudi kucheza. Nilifanya hivyo mchana kutwa, kiangazi baada ya kiangazi. Naukumbuka uzito wake na vumbi la majani likinikereketa pua. Ila sikuwahi kutazama nilikuwa naupeleka wapi. Usiniandikie la kunifurahisha, Mama, hata kama ndilo litakalofungua stoo. Niandikie lililo kweli, Mjomba Seif arudi nalo. Mimi binti yako akupendaye, Kalunde, nauliza hili tu: tulipokuwa tunausogeza ule ungo, tulikuwa tunafuata jua au tunalikimbia?