Jusi la Baba

Jumatatu, 7 Machi 1955
Pasi ya mkaa tangu asubuhi, mashati ya watu wa Mchafukoge. Jioni nimechora tena lile jusi, mjusi mkubwa wa hadithi za baba. Baba kanisahihisha kama kawaida. Shingo bado fupi, anasema. Ujanani alibeba mifupa ya jusi hilo kichwani, kutoka machimbo ya Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, enzi za Mjerumani. Mzungu mmoja, mteja wa dobi wetu, aliniambia wanyama hao ni dinosaria. Baba anasema jusi tu. Macho yake yanafifia, lakini shingo fupi anaiona.

Jumatano, 9 Machi
Klabu yetu ya dansi inataka picha ukutani, pale mlangoni. Nimempa katibu, Shabani, mchoro wangu bora akawaonyeshe wakubwa. Nina furaha ya kijinga.

Ijumaa, 11 Machi
Shabani kawaambia kachora yeye. Si hilo tu. Kasema baba yake ndiye aliyebeba mifupa. Baba yake alikuwa akiuza nazi Bagamoyo, Lindi hajaiona! Nikamwuliza mbele ya watu. Akacheka. "Wewe si mpiga pasi? Kapige pasi." Wakacheka wote.
Mchoro basi, achukue. Lakini safari ya baba?
Sijamwambia baba.

Jumapili, 13 Machi
Namchukia. Nikila, namchukia. Nimepita klabuni. Ukuta umeshapakwa chokaa, unasubiri. Shabani anasema mkono unamuuma. Mwongo. Hata kuku hawezi kumchora.

Jumanne, 15 Machi
Nimemwendea Shabani kwa upole. Nikamwambia, "Nitachora mimi nyuma ya pazia, jina liwe lako." Kanikumbatia. Mjinga.

Jumamosi, 19 Machi
Pazia limefunuliwa leo alasiri. Watu mpaka barabarani. Jusi kubwa, shingo inakaribia dari. Na juu ya shingo, sura ya Shabani: pengo lake, masharubu yake membamba, kofia yake ya upande. Chini, jina lake kwa herufi kubwa, kama alivyotaka.
Kisha mama mmoja akapiga kelele, "Jamani, si Shabani huyo!" Watu wakacheka mpaka wakashikana. Akatoka mbio. Watoto nyuma yake: "Jusi! Jusi!"
Tamu. Sijapata kuonja kitu kitamu hivi.

Jumapili, 20 Machi
Nimempeleka baba. Nilitaka acheke. Akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Akapapasa miguu, mkia, akaifuata shingo kwa fimbo mpaka juu.
"Huyo juu nani?"
Nikamweleza yote. Hakucheka.
"Shingo umeipata," akasema. "Ndiyo hiyo hasa." "Halafu ukaenda kumweka huyo."
Akashika njia ya nyumbani, fimbo mbele.

Jumatano, 23 Machi
Jana niliomba chokaa klabuni, nikafuta kile kichwa. Shabani kahamia Ilala kwa dada yake. Simwonei huruma. Bado namchukia, ila nimechoka.
Mvua. Bonde la Jangwani limejaa maji, sikuweza kuvuka kwenda kazini. Baba kanisimulia jambo ambalo hajapata kulisema. Mfupa mmoja ulikuwa mkubwa, wakaubeba watu wanne kwa miti, yeye akiwemo. Mwenzao mmoja, Hamisi, rafiki yake, alikaa kando ya njia apumzike. Hakuinuka tena. Wakamzika palepale, wakauchukua mfupa, wakaendelea, watatu.
"Sura yake siikumbuki tena," akasema.
Nikamwongeza chai. Kule klabuni, jusi lake bado halina kichwa.