Baba Yetu Semboja, Uliyejibiwa Posa Ukiwa Juu ya Bati

Baba, mwaka umetimia tangu utuache, na hapa nyumbani Makuyuni pikipiki ikipita jioni bado tunadhani ni wewe umerudi kutoka Handeni.

Ulifanya kazi kwenye kampuni ya kusimamia nyumba za kupangisha mpaka kazi ikakuingia kwenye damu. Choo kikiziba, koki ikiharibika, wapangaji walikupigia wewe, hata siku ya Iddi, nawe uliacha pilau ukaenda. Kabla ya kulala ulimwuliza Mama kama ana malalamiko. Alikuwa nayo kila siku, nawe ulimjibu kuwa yanafanyiwa kazi.

Ila ugonjwa wako ulikuwa kukagua. Kwenye nyumba yoyote ya watu macho yako yalitangulia darini, salamu baadaye. Ndiyo maana tulipopanda milimani, kijiji cha Bungu, kumposea Ukasha, Mama alikusihi njia nzima: "Baba Ukasha, leo anayesema ni mshenga. Wewe kazi yako kukaa." Kijana wetu alikuwa hali wala halali kwa ajili ya Husna, na baba yake Husna, Mzee Mhina, alijulikana hapendi dharau hata chembe.

Ulikaa. Mshenga akaanza vizuri, mvua nayo ikaanza. Tukakuona unatazama juu. Ukaguna. Ukainuka, ukagonga dari kwa bakora, ukatoa taarifa mbele ya wazee wote: "Hapa panavuja. Mpangaji hawezi kukaa."

Ukasha alijifunika uso.

Mzee Mhina akauliza taratibu, "Mzee mwenzangu, umekuja kuposa au kupanga?"

"Ngazi iko wapi?" ukamjibu.

Tuliona aibu, Baba, tusikufiche. Ulipanda na kanzu yako ya posa, misumari mdomoni, kipande cha ndala kuukuu cha kuzibia tundu mkononi. Mzee Mhina alitoka nje kukuzuia, akajikuta anakushikia ngazi. Mara ukateleza, kanzu ikanasa kwenye bati, ukawa unaning'inia. Mzee wa watu akapiga kelele, "Jamani, mshikeni mkwe wangu asije akavunjika!"

Mshenga wetu, mtu mjanja yule, hakungoja. "Wazee, nyote mmesikia alivyomwita."

Mzee Mhina akacheka mpaka ngazi ikatikisika, posa ikapokelewa, nawe uko huko huko juu unauliza kama bado panavuja.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwaija, mwanao Ukasha na mkewe Husna, binti yako Maryamu, na mkwe wako Mzee Mhina. Masika haya paa lake limeanza kuvuja upande wa pili. Ametega sufuria, na mafundi anawafukuza. Husna alipombembeleza aite hata fundi mmoja tu, mzee alimjibu, "Nimshikie nani ngazi?"

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba. Maisha yetu yote hatutakusahau.