Herufi Yenye Meno Matatu

Mutomo,
Jumamosi, 14 Septemba 1985

Baba,

Nimeapa kukuambia yote leo, hata yale ambayo mama, Mwaitu wetu, amenikataza kuyasema humu nyumbani.

Baba mdogo Kilonzo ameikwangua alama yako kwenye mizinga ya nyuki. Alipanda mti kwa mti na panga, watu wakimtazama. Alama ya ukoo ameiacha. Ile uliyoichonga chini yake, herufi yako yenye meno matatu, ameiondoa yote. Unajua kwetu mtu akiona alama ya mwenzake kwenye mzinga hupita zake, hata akiwa na njaa. Yeye amekwangua ya ndugu yake, na kaburi lako bado ni bichi.

Alisema, "Hiyo ni ya Warusi. Itatuletea maneno na Chifu."

Nikamwambia ni ya Warusi na ni ya Biblia pia. Kwamba uliisoma kwanza Moscow, ukaja kuikuta tena hapa, katika Biblia ya Kiebrania ya yule mchungaji mzee wa misheni: umbo karibu lile lile, sauti ile ile ya sh. Akacheka. "Msichana wa Form Two atanifundisha mizinga?" Mzee wa kanisa aliyemshikia ngazi akasema tukuombee, kwa sababu ulipotelea huko.

Ulipotea wapi, Baba? Ulirudi na cheti ambacho hakuna ofisi iliyokitaka. Ukafuga nyuki. Sikuwahi kukusikia ukilalamika.

Nakumbuka tukipepeta ndengu uani, wewe ukiniuliza, "Mwende, sita. Mwebrania anasema shesh, Mrusi shest, Mswahili sita. Hao ni ndugu, au wamefanana tu?" Neno Sabato halikukusumbua. Warusi huiita Jumamosi subbota, nawe ulisema neno hilo lilisafiri na dini mpaka likatufikia hata sisi. Lakini sita ulikataa kuihukumu. Mimi nilitaka sana wawe ndugu. Ukaniambia mbuzi mweupe wa Mutomo na mbuzi mweupe wa Mwingi hawakuzaliwa na mama mmoja, tungoje ushahidi. Tukangoja. Kisha homa ikakuchukua.

Juzi wamerina asali. Kilonzo alipita mbele ya lango letu na madebe yamejaa, hakugeuza hata shingo. Mwaitu hakupelekewa hata kikombe. Alikuwa amekwisha kuosha bakuli, Baba. Alikuwa ameliweka mezani.

Umebaki mzinga mmoja, ule uliopasuka, nyuma ya jiko. Nimechoma meno matatu juu yake kwa msumari wa moto. Najua msichana hagusi mizinga. Mwaitu alinikuta nikifanya hivyo. Msumari ulipopoa aliuchukua mkononi mwangu, akaurudisha kwenye makaa, akapuliza.

Nakuahidi nitajifunza lugha zote mbili, hata wakinicheka, mpaka niweze kupima ushahidi mwenyewe. Nao mzinga nitauziba ufa, nitafute wa kunipandishia mtini. Pumzika, Baba. Hapa kwetu alama yako ipo.

Lakini kama huko uliko wapo wanaojua, waulize, unijibu upesi kwa njia yoyote utakayopewa: wawili wakifanana hivi, na wakaanza kwa herufi moja, tutajuaje kama kweli ni ndugu?

Binti yako,
Mwende