Zimwi la Kalina

Shoga yangu Grażyna, sirudi tena kufundisha. Narudia, SIRUDI.

Leo kwenye darasa langu la uandishi tulichambua hadithi ya kutisha aliyoiandika Kalina, yule mwanafunzi wangu mpole wa Lublin. Zimwi lake ni mwanamke anayemenya yai la kuchemsha huku akiwasimanga watoto, na kila anayesimangwa anakonda.

Nikambwatukia, "Zimwi gani hili? Halitishi hata paka. Linatia huruma tu!"

Darasa zima linaitazama mikono yangu.

Grażyna, nilikuwa namenya yai. YAI! Kama kila Jumanne. Wewe si ulinikataza kula darasani?

Nikamuuliza Kalina, "Sasa mbona hukuliua mwishoni?"

Akatabasamu. "Si umesema mwenyewe, mwalimu? Linatia huruma."