Wameniambia Mimi ni "Different"

Turbo, Juni 1953

Mpendwa Mama Tryphosa, nakuja kwako na shukrani nyingi na shida moja, mimi ni Mbukusu, karani wa stoo ya mahindi huku Turbo, na mwaka jana homa ya matumbo ilinilaza wiki tano bila ndugu karibu, hata mjomba wangu yuko Kimilili, na aliyeniokoa ni jirani yetu Mnandi, Mama Chepngetich, alininywesha uji kwa kijiko kama mtoto wake, Mungu ambariki, mpaka leo nikimwona machozi yananilengalenga, na hapo ndipo nilimjua binti yake Jepchirchir, tukapendana kwa heshima, basi Jumapili nilienda kumwomba kwa babake, Mzee Kipyego, akanikaribisha vizuri, akaniuliza rika langu la tohara, nami, ingawa nilitahiriwa mwaka wa 1948, nikaona haya, nikafikiri Mkristo mwenye kalamu mfukoni hasemi mambo ya zamani, nikajibu, "Mzee, mimi sina rika," akainuka akaenda zizini, na mwanawe Jackson, ambaye ni mwalimu, akaniambia kwa Kizungu kwamba mimi ni "different", sasa Mama, neno hilo maana yake nini na limetoka wapi, ni kusema siwezi kuoa kwao? Jepchirchir analia. Nihame Turbo?

Nicanor Wepukhulu

Nicanor mwanangu, pole. Shukrani yako imenigusa, maana wengi wakipona husahau. Lakini loo! Mzee anakuuliza rika, unasema huna? Kwao, kama kwenu, asiye na rika ni mtoto ambaye hajatahiriwa. Nani atampa mtoto mke?

Neno lenyewe lisikutishe, maana yake ni "tofauti" tu. Padri mmoja alinifundisha kwamba ni la Kilatini, na asili yake ni kubeba vitu na kuvitenganisha, hiki huku, kile kule. Si tusi. Na vitu havitenganishwi kama havikuwa pamoja. Hata marika yenu yanashiriki majina: nyinyi mna Maina, wao wana Maina. Wewe uliyetahiriwa 1948 ni wa rika la Nyange, na wao wana Nyongi, karibu jina lilelile. Mzee angefurahi kusikia, nawe ukamfungia mdomo kwa kiburi cha kalamu!

Usihame. Mwite mjomba wako kutoka Kimilili, kwa sababu hakuna anayeomba mke peke yake. Jumamosi nendeni, umwombe mzee msamaha, umshukuru Mama Chepngetich mbele ya mumewe, halafu utaje rika lako kwa sauti. Mzee wa watu alikuwa anatafuta mahali pa kukuketisha kati ya marika yao. Nenda ukakae.

Mama Tryphosa, Eldoret